Kabla hujalivika Vigo lako viatu vikubwa

“Shikamoo mtaalamu. Nina Hilux Vigo dabo kabini ya mwaka 2013, dizeli 3.0, 4x4. Naishi Njombe. Siku nyingi natoa viazi shamba kuleta mjini, gunia nane hadi kumi, na mara moja au mbili kwa mwezi nashuka Dar. Matairi yangu ni 265/65R17 na yameisha kabisa. Kuna kijana anafunga magari, kanipigia hesabu ya kazi nzima: matairi 285/70R17 ya meno makubwa, rimu za kutokeza nje, kukata salensa na kutoa masega (kile kisafisha moshi ndani ya bomba) ili gari lipumue na lipunguze kula mafuta, balbu za LED kwenye taa kubwa, na spotlaiti ndefu juu ya kabini. Anasema hakuna kingine cha kubadilisha. Taa zangu kweli ni hafifu, na masika huwa nakwama. Mke wangu anasema nachezea hela. Wewe unasemaje?”

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili na nimeona shida tatu za kweli: matairi yameisha, masika unakwama, usiku huoni vizuri. Hizo tutazitibu. Kelele za bomba na kabini yenye taa kama mnara wa simu hukuzitaka wewe, umeuziwa. Sina ugomvi na mtu anayependa gari lake lipendeze. Pikapu yangu ya kwanza niliichora mistari myekundu ubavuni na nikatembea nayo kifua mbele miaka sita. Lakini mistari haikuwahi kunitoa kwenye tope.

Nianze na matairi, maana ndiko hela nyingi inakoenda. Andiko la 265/65R17 linasema hivi: upana wa tairi ni milimita 265, kimo cha ubavu wake ni asilimia 65 ya huo upana, na rimu ni inchi 17. Ukikokotoa, tairi lako likisimama lina milimita 776 kutoka chini hadi juu. Lile la 285/70R17 lina 831. Tofauti ni 55. Ila gari halipandi 55, linapanda nusu yake tu, kwa sababu nusu nyingine inabaki juu ya ekseli. Kwa hiyo difu yako itainuka milimita 27 kutoka ardhini. Weka vidole viwili pamoja uvitazame: hata havitimii.

Sasa tuone unalipa nini kwa hivyo vidole viwili visivyotimia. Tairi limekuwa kubwa kwa asilimia 7. Breki haishiki lami, inashika diski na dramu kule katikati ya gurudumu, na lami inavuta huku ukingoni. Ni kama watu wawili wanaoshindana kwa spana moja: mmoja kaishika karibu na nati, mwingine anaivuta kwenye ncha. Ukirefusha spana, wa kwenye ncha ndiye unayempa nguvu. Mguu wako ukikanyaga pedeli vile vile ulivyozoea, nguvu ya kusimamisha inayofika barabarani imepungua kama asilimia 6 na nusu. Juu ya hapo, matairi hayo ni mazito zaidi, na uzito unaozunguka ni mgumu kuusimamisha kuliko uzito ule ule uliotulia ndani ya gari. Mjini Njombe hutaona tofauti. Utaiona unateremka mlima wa Kitonga ukiwa na mzigo, nyuma yako semi, na ile harufu ya brekipedi inaanza kuingia dirishani.

Injini nayo inapata hasara hiyo hiyo kwa upande wake. Ni kama vile gia zote zimerefushwa kidogo. Kuondoka kwenye mlima na gunia kumi, klachi itateleza zaidi kabla gari halijakubali. Ya 3.0 ina nguvu, itavumilia, lakini klachi utaibadilisha mapema.

Kuna jambo dogo ambalo watu hulipuuza. Mshale wa spidi unahesabu mizunguko ya gurudumu, haujui umefunga tairi gani. Ukionyesha 80, kwa hesabu tupu unatembea kama 85 na nusu. Kwa bahati, mishale ya kiwandani huwa inasoma juu kidogo kuliko mwendo halisi, kwa hiyo sehemu ya kosa hilo itajifuta yenyewe. Ila usiende kumweleza hivyo trafiki aliyekupiga tochi kwenye eneo la 50. Na namba za kilomita nazo zitadanganya: ukidhani umetembea 5,000 tangu umwage oili, umetembea 5,350.

Kisha kuna tairi kugusa bodi na chesisi. Kijana wako anasema hakuna kingine cha kubadilisha, na hapo ndipo aliponikosesha imani. Mwaka juzi nililetewa Vigo lililofungwa saizi hiyo bila kuinuliwa. Mwenyewe alilalamikia harufu ya mpira kila akikata kona kuingia kwake. Nililala chini, nikamwambia akate usukani wote kushoto. Nyuma ya tairi la mbele, pale kabini inapokalia chesisi, chuma kilikuwa kimesuguliwa mpaka kinang’aa kama sarafu mpya, na begani mwa tairi, upande wa ndani, palikuwa na alama ya mwezi mchanga iliyochongwa hadi nyuzi zinaanza kuonekana. Tairi lenyewe lilikuwa na miezi minne. Kulipatia tairi nafasi inabidi kuinua springi za mbele, kukata au kupiga nyundo bodi, na kupima alaimenti upya. Ukiinua mbele sana, pembe za mikono ya chini na za ekseli za mbele zinabadilika, na buti za ekseli huanza kupasuka. Hesabu ya kazi nzima uliyopigiwa haina hata kimoja kati ya hivyo.

Rimu za kutokeza nje sizitaki kwenye gari la viazi, nakwambia wazi. Beringi ya gurudumu imewekwa ili uzito ushuke karibu na katikati yake. Ukisukuma gurudumu nje kwa rimu au kwa spesa, uzito unaning’inia pembeni kama ndoo iliyoshikwa kwa mkono ulionyooshwa. Beringi zinalia, bol jointi zinalegea, usukani unapigapiga kwenye mashimo, na tope lote linarushwa kwenye milango na kioo cha anayekufuata. Baki na rimu zako za kiwandani. Zinakaa kwenye kitovu cha ekseli kwa kipimo kamili, wakati rimu nyingi za dukani zina tundu la katikati kubwa kuliko kitovu, kwa hiyo zinaning’inia kwa nati peke yake.

Basi unakwama kwa nini? Sidhani ni kimo. Unakwama kwa sababu mbili: matairi yameisha, na yalipokuwa mazima bila shaka yalikuwa ya lami. Udongo mwekundu wa Njombe ukijaza zile njia nyembamba za tairi la lami, tairi linakuwa duara la udongo, na udongo juu ya udongo huteleza. Unachohitaji ni meno yaliyoachana ya kutosha kuutema. Na upana si rafiki yako kwenye tope. Tazama Land Cruiser za misheni na za hifadhi zinavyotembea kwa 7.50R16, tairi jembamba kama la baiskeli ukililinganisha na haya ya maonyesho. Linakata tope mpaka likute udongo mgumu chini yake. Tairi pana linaelea juu ya tope, na hiyo ni faida kwenye mchanga wa pwani, kwako si faida.

Kwa hiyo ushauri wangu ni 265/65R17 ile ile ya AT, yaani yenye meno ya kati ya lami na tope, au ukitaka kupanda kidogo, 265/70R17 ya AT. Hiyo ya pili ina milimita 803, imezidi yako kwa asilimia tatu na nusu, na kwenye Vigo zima kwa kawaida inakaa bila kukatwa kitu, ila hakikisha unakata usukani pande zote mbili kabla hujalipa. Zile za MT, za meno makubwa aliyokuonyesha, zinatema tope vizuri zaidi, ni kweli. Lakini wewe unakula lami hadi Dar. MT kwenye lami yenye mvua inachelewa kusimama, inalia kama mashine ya kusaga kuanzia 70 kwenda mbele, na inaisha upesi. Kama ungekuwa huondoki shambani, ningekwambia vingine.

Ukifika dukani, soma ubavu wa tairi kwa macho yako. Baada ya saizi kuna namba kama 112 au 116: hiyo ni uwezo wa mzigo. 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 116 ni kilo 1,250. Usishuke chini ya namba iliyo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Kisha tafuta neno DOT na tarakimu nne za mwisho mwishoni mwa mstari wake. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye miaka mingi stoo linang’aa sawa na la jana, lakini mpira wake umekauka. Nunua matano, siyo manne. Spea ya kimo tofauti ikifungwa nyuma na wewe ukaingiza 4x4, difu na geaboksi vitapigana mpaka kimojawapo kikubali kuvunjika.

Na hapa niseme jambo hukuliuliza. Gunia kumi za kilo mia ni tani moja. Hilux ya dabo kabini hapo imefika mwisho wa uwezo wake au imepita, kabla hujamhesabu dereva, abiria na mafuta. Kama gunia zako ni lumbesa, sina la kuongeza. Hakuna tairi litakalokusamehe hilo kwenye mteremko. Fuata upepo wa kibandiko kile cha mlango, ule wa mzigo kwa matairi ya nyuma. Ukiingia kwenye tope na gari tupu unaweza kushusha hadi PSI 20 hivi kwa mwendo wa polepole, mradi urudishe upepo kabla ya lami. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri itakusaidia zaidi ya rimu zote alizokuonyesha.

Sasa salensa. Nimesikia pande zote mbili za uongo hapa. Mafundi wa zamani watakwambia injini inahitaji presha irudi nyuma, ukitoa salensa itakufa. Si kweli; hakuna injini ya turbo inayofurahia kuzibwa puani. Na kijana wako anakwambia ukikata utapunguza mafuta. Hilo nalo si kweli kwa kiasi utakachokiona. Dizeli yako ina turbo, na turbo lenyewe limekaa katikati ya njia ya moshi, linazungushwa na huo moshi na kuukata kelele. Kinachobaki nyuma yake ni kizuizi kidogo. Kiasi cha dizeli kinachoingia kinaamuliwa na kompyuta ya gari, nayo haijaambiwa kwamba umekata bomba. Turbo linaweza kuamka upesi kidogo ukikanyaga. Basi. Watu huhisi gari limekuwa jepesi kwa sababu sasa linapiga kelele, na sikio humdanganya mguu. Kisha wanakanyaga zaidi ili walisikie, na mafuta yanapanda.

Hesabu nyingine ni ya afya. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na sigara. Bomba la kiwandani linatokea nyuma kabisa ya gari kwa makusudi. Wanaokata hapa mitaani wengi huliishia chini ya bodi, kabla ya ekseli ya nyuma, kwa sababu ni kazi fupi. Moshi unazunguka chini ya gari na kuingia kabini kupitia mpira wa mlango uliochoka au kioo cha nyuma kilichofunguliwa. Niliwahi kuletewa gari ambalo watoto walikuwa wanalalamika kuumwa kichwa kila safari ndefu, na wazazi wao wakadhani ni kichefuchefu cha kona. Nikawasha injini, nikaweka mkono chini ya kiti cha nyuma: pumzi ya moto. Na bomba fupi lenye moto, gari likaegeshwa juu ya nyasi kavu mwezi wa kumi, ni kiberiti.

Kama masega yapo (lala chini uangalie, Vigo nyingine zilizokuja huku hazina), yaache. Mara nyingi anayekushauri uyatoe anajua atakayemuuzia. Ukiona gari ni zito na linatoa moshi mweusi, usiliguse bomba. Moshi mweusi ni dizeli isiyopata hewa ya kutosha au inayomwagwa vibaya: ea klina iliyojaa vumbi la shamba, bomba la intakula (kipoza hewa ya turbo) lililopasuka, nozo zilizochoka. Anza na ea klina, ndiyo rahisi kuliko zote. Pale Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo uchafu kidogo unaonekana haraka. Kama salensa yako imetoboka kwa kutu, funga nyingine ya aina yake, na fundi asichomelee kabla hajachomoa waya wa hasi wa betri. Nimeona kompyuta ya gari iliyoungua kwa bomba la elfu arobaini.

Taa ndiyo sehemu ambayo nakuelewa kabisa. Kutoka Njombe kwenda Dar unapita katikati ya hifadhi ya Mikumi, na mnyama hana riflekta. Lakini LED ndani ya taa ya halojeni si jibu. Chomoa balbu yako ya H4 uitazame kwenye mwanga. Ina nyuzi mbili. Ule wa mbele umekalia kikombe kidogo cha chuma kama kijiko cha chumvi. Hicho kikombe kinazuia mwanga usiende nusu ya chini ya kioo cha ndani kinachorudisha mwanga, ndiyo maana ukiweka dimu mwanga unalala chini na kukatika kwa mstari. Kioo chote kimechongwa kwa kuamini kwamba mwanga unatoka kwenye waya mwembamba uliopo mahali fulani hasa, si milimita mbili pembeni. Balbu ya LED ya bei ya chini inaweka vipande vya mwanga mahali pengine, vya umbo jingine. Mbele ya gari unaona ukungu mweupe unaopendeza, barabara ya karibu inang’aa, na macho yako yanajifunga kwa huo mng’aro. Matokeo yake kule mbali, alipo mtembea kwa miguu, unaona pungufu kuliko jana. Na anayekuja mbele yako haoni kabisa, naye ana lori.

Jaribu hivi kwanza. Kioo cha taa kikiwa kimepauka na kuwa cha manjano, kipigwe msasa laini na polishi, au kibadilishwe. Ukinunua vioo vya taa vilivyotumika, uliza vimetoka wapi: kwa Dubai na Oman watu huendesha upande wa kulia, na taa zao zinainua mwanga kulia, yaani kwako machoni pa anayekuja. Kisha fundi umeme apime volti kwenye kichwa cha balbu, injini ikiwa inaunguruma na taa zimewaka, alinganishe na betri. Kwenye magari ya umri huu, waya na swichi hula umeme njiani. Balbu ya halojeni ina hasira na hilo: ikipungukiwa asilimia 10 ya volti inapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme), fyuzi, waya nene kutoka kwenye betri na athi safi, na balbu mpya za H4 za wati 60/55 za kampuni inayojulikana, vitakurudishia taa ambazo pengine hujawahi kuziona kwenye gari hilo.

Mwisho zielekeze. Egesha kwenye sakafu tambarare, mita 10 kutoka ukutani. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, chora mstari wa chaki ukutani kwa kimo hicho, halafu mstari mwingine sentimita 10 chini yake. Mwanga wa dimu ukatike kwenye ule wa chini. Fanya hivyo gari likiwa na mzigo wako wa kawaida, maana viazi vikikaa nyuma pua inainuka na taa zinapiga juu ya miti. Kama lako lina kile kigurudumu cha namba karibu na usukani, ndiyo kazi yake.

Spotlaiti unaweza kuwa nayo, ila iwe kwenye bampa. Juu ya kabini inamulika boneti yako mwenyewe, na kwenye vumbi au ukungu wa Njombe inakujengea ukuta mweupe mbele ya macho. Ya wati 120 inavuta ampea 10, kwa hiyo ipite kwenye rilei na fyuzi yake, na iunganishwe na fulu ili ukishusha dimu nayo izime. Waya mwembamba uliosokotwa na kufungwa kwa selotepu ndio unaochoma magari usiku. Za kumetameta, nyekundu na bluu, waachie polisi na ambulensi.

Mambo ambayo siwezi kukupimia kwa maandishi: kama usukani unatetemeka, gari linavuta upande mmoja ukishika breki, kuna mlio unaopanda na mwendo, au moshi mweusi hauishi baada ya kubadilisha ea klina, lipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta na alinyanyue. Kabla ya Kitonga, siyo baada. Kama una bima kubwa, waandikie wenye bima kabla hujabadilisha chochote zaidi ya saizi ya kawaida na uhifadhi jibu lao. Mwambie mke wako yuko sahihi kwa rimu na bomba, na amekosea kwa matairi.

Mpangilio wa hela yako: matairi matano na alaimenti wiki hii, brekipedi zikaguliwe siku hiyo hiyo magurudumu yakiwa nje, taa mwezi ujao. Ukishafunga, tembea kilomita 50 hadi 100, simama mahali penye kivuli, rimu zipoe, ukaze nati tena kwa mkono wako.